Matanga Katika Nyumba ya Kujipikia

Handsworth, Birmingham
Ijumaa, 27 Julai 2007

Rosalie,

Nilikuambia usifungue bahasha hii mpaka treni iondoke New Street, na najua umeifungua kituoni. Haya, soma. Nimeandika kwa sababu ukiwa mbele yangu unauliza maswali kabla sijamaliza sentensi, na kwa sababu kule Wales simu ya mkononi haishiki kabisa. Ukiwa na neno, niandikie. Kiswahili changu ni cha duka la baba yangu Kisumu. Utanivumilia, kama ninavyowavumilia ninyi na hicho chenu cha Bukavu tangu siku ile kituo cha basi, ulipokuwa ukigombana na dada yako kwa simu na mimi nikakuambia kwamba dada yako ana haki.

Kijiji kinaitwa Porth Hesgin. Basi ni moja kwa siku. Kuna nyumba tisa na kanisa dogo, na nyumba yetu ni ya mwisho upande wa bahari. Mimi na marehemu Harbhajan tuliinunua mwaka 1990, alipoacha karakana kule Hockley. Ni nyumba ya likizo ya kujipikia. Maana yake mgeni anakodi wiki moja, anakuja na chakula chake, anapika mwenyewe, anafagia mwenyewe, anaondoka. Hakuna wa kumkaribisha wala wa kumuuliza lolote, na hiyo ndiyo raha yake. Wageni wameendelea kuja kila Jumamosi kupitia wakala, lakini mimi sijafika huko tangu mwaka 2005.

Sasa nauza. Ranjit kutoka Toronto anasema uza, magoti yangu yanasema uza, na mimi nasema uza. Dalali anakuja Jumatatu tarehe 3 Septemba kuchukua ufunguo. Kazi yako ni kufungasha kila kitu kwenye masanduku: vyombo viende gurdwara, hekaluni kwetu, vifaa vya ufundi vya Harbhajan vije kwangu, vingine vyovyote wape wenye shida. Chukueni wiki zenu tatu. Précieuse naye apate bahari. Mtoto ana miaka kumi na minne, amekulia Lozells, anadhani maji yote ya dunia yako kwenye mfereji wa Hockley.

Jambo la mwisho. Usijisumbue na watu wa kile kijiji. Miaka kumi na tano hawakuwahi kunisalimia. Funga mlango, pika, fungasha, rudi.

Charanjit Kaur (Mama Ranjit)


Porth Hesgin
Jumatatu, 30 Julai 2007

Mama Ranjit mpendwa,

Tumefika salama, Mungu asifiwe. Bahasha niliifungua Wolverhampton, si New Street, kwa hiyo leo nimekushinda kidogo.

Kwanza bahari. Précieuse aliitazama, akasema, "It's massive," halafu akasahau kulalamika nusu saa nzima, na wewe unamjua mdomo wake. Tangu hapo harudi ndani isipokuwa kula. Nyumba ni nzuri, Mama. Hukuniambia kama ni nzuri. Jikoni nimekuta daftari la maelekezo aliloandika Mzee Harbhajan kwa ajili ya wageni. Précieuse ananisomea. Amesema boila ya maji moto ikigoma ipigwe kofi upande wa kushoto, kamwe si kulia, maana kulia inachukia. Tulicheka sana. Iligoma, tukaipiga kushoto, ikawaka.

Bon, sasa nina neno la kukiri. Ulisema nisijisumbue na watu. Lakini sisi kwetu mtu hawezi kulala mahali bila kujionyesha kwa wenyeji. Hata ukiwa unakimbia vita, ukifika kijiji cha watu unaenda kwanza kusema: mimi ni fulani, nimetoka mahali fulani, huyu ni mtoto wangu. Usipofanya hivyo wewe ni mwizi au mchawi. Basi jana nikavaa kitenge, nikamshika Précieuse mkono, tukaenda mlango kwa mlango. Mtoto nusura azimie kwa aibu. "Mum, you can't just knock on people's doors! They'll call the police!" Nikamwambia waite tu, hata polisi nitajionyesha kwao.

Hakuna aliyeita polisi. Wengine walishangaa, wengine walituletea biskuti mlangoni pale pale. Na ulijua hawa watu wana lugha yao? Nilidhani Kiingereza ndicho kimenishinda. Wakiwa wawili wanaongea hiyo, ukitokea wanababaika kugeuza, sawa na sisi wawili tukiwa kwenye basi la Lozells.

Mlango wa kijani, jirani yako wa karibu, yumo bibi anaitwa Eluned. Ana kuku na anaishi peke yake. Akauliza tumefikia nyumba gani. Nilipoonyesha kwa kidole, akashika fremu ya mlango. "That poor man," akasema. "In that kitchen."

Mama, ndipo nikajua. Mzee alifia humu. Katika jiko hili ambamo nimesonga bukari, ugali wetu, siku mbili nikiimba. Siogopi wafu, usifikiri. Lakini mama yangu alipofariki Bukavu nikashindwa kwenda kumzika, ulikuja kwangu na sufuria ya dengu, ukakaa siku tatu, ukanifulia hata mashuka. Ulinisikia nikilia mambo ambayo Athanase mume wangu hajawahi kuyasikia. Nilidhani mimi pia nakujua wewe. Kwa nini hukuniambia?

Binti yako,
Rosalie


Handsworth
Alhamisi, 2 Agosti 2007

Rosalie,

Sikukuambia kwa sababu ungeanza mambo. Na umeanza.

Unataka kujua, basi jua, halafu tusirudie. Ilikuwa Aprili, wiki ambayo wageni hawakuwapo, tukaenda sisi kupaka rangi. Nilikuwa nakanda unga wa chapati. Harbhajan aliingia kutoka kutembea, akasema chai, akaanguka. Nikamwita jina, hakuitika. Tulikuwa hatuna simu pale. Nikakimbia kwenye ule mlango wa kijani, mikono yangu yote unga, nikagonga. Nikagonga kwa ngumi. Kiingereza chote kilinitoka kichwani, nikapiga kelele kwa Kipunjabi, lugha ya mama yangu. Nikaona pazia likitikisika, Rosalie. Kulikuwa na mtu. Hakufungua. Nikakimbia na magoti haya mpaka kibanda cha simu kule kituo cha basi. Gari la wagonjwa linatoka mbali. Lilipofika alikuwa baridi.

Asubuhi yake niliondoka nyuma ya gari la maiti. Hakuna mlango uliofunguliwa. Hakuna aliyeleta hata kikombe cha chai. Hata Kisumu, jirani ambaye hatukuongea naye miaka sita kwa sababu ya ukuta, alikuja baba yangu alipokufa.

Wala sikushangaa. Mwaka wetu wa kwanza niliingia duka la kule barabarani, watu walikuwa wanacheka, nilipoingia wakanyamaza. Nikasema moyoni, mmenikataa, na mimi nimewakataa. Tangu siku hiyo nilikwenda kule kupika, kulala na kurudi. Harbhajan alikuwa na matembezi yake ya asubuhi, mimi nilikuwa na jiko langu. Tulitosha wawili.

Kwa hiyo nauza. Sitaki kukiona kile kijiji mpaka nife, na wewe usinywe chai yao. Umefungasha masanduku mangapi?

Charanjit


Porth Hesgin
Jumatatu, 6 Agosti 2007

Mama Ranjit mpendwa,

Pole. Pole sana, Mama. Nimesoma barua yako mara tatu na mara zote nimelia.

Kazi inaendelea. Masanduku manne yamefungwa: sahani, mapazia, blanketi na vitabu. Hali ya hewa ni mvua, jua, mvua. Précieuse ameungua pua.

Nina maswali mawili madogo, si ya maana. La kwanza, Mzee alipenda kula nini? La pili, mtu ambaye si wa dini yenu akiingia gurdwara, anafunika kichwa kwa kitambaa chochote, au kuna kitambaa maalumu? Ni Précieuse anayeuliza, kwa ajili ya shule.

Athanase amepata ruhusa kazini, anakuja Jumamosi kutusaidia kubeba.

Binti yako,
Rosalie


Handsworth
Jumatano, 8 Agosti 2007

Rosalie,

Shule gani inafunguliwa Agosti?

Alipenda mbaazi za nazi alizozoea Mombasa alipokuwa kijana wa reli, na alipenda chochote alichokatazwa na daktari. Kitambaa ni chochote kilicho safi. Masanduku manne kwa siku tisa ni uvivu. Unaficha kitu, nakusikia mpaka huku.

Charanjit


Porth Hesgin
Jumatatu, 13 Agosti 2007

Mama Ranjit mpendwa,

Usinikasirikie kabla hujafika ukurasa wa pili.

Kwetu mfiwa hajipikii. Mtu akifa, jiko la nyumba ile linapoa, majirani ndio wanaleta chakula na kukaa chini, mpaka siku ya kuondoa matanga, watu wanaposema habari za marehemu na mwenye nyumba anawasha moto wake tena. Hata Lozells tunafanya, unajua, uliona kwangu. Sasa mimi kila nikiingia jiko hili nawaza: hapa mtu alianguka, na Jumamosi iliyofuata wageni wakaja na mayai yao wakakaanga. Kila wiki, miaka miwili. Hakuna hata mmoja aliyekaa chini. Nilishindwa kuifunga nyumba hii kwenye masanduku ikiwa hivyo. Nilishindwa kabisa.

Basi nilizunguka tena milango. Niliwaambia: Jumapili saa tisa mchana tunaondoa matanga ya Mzee Singh, kila mtu aje na chakula na kitu cha kufunika kichwa. Précieuse alikuwa anatafsiri huku anatazama viatu vyake. Athanase alifika Jumamosi na sombe, yale majani yetu ya muhogo, ya kugandishwa kutoka kwa muuzaji wetu wa Lozells. Nilipomweleza akaketi kwenye sanduku. "Rosalie, weye uko na kichwa nguvu. Siku moja utatufungisha." Nikamwambia avae shati jeupe.

Nilidhani hatakuja mtu. Mama, walikuja kumi na saba. Vitambaa safi hawakuwa navyo, au hawakujua vipi, kwa hiyo walikuja na vitambaa vya kukaushia vyombo vichwani. Wote! Mfugaji mmoja wa kondoo, mzee mkubwa mwenye mikono kama koleo, alikuwa na cha picha ya jogoo, amekifunga chini ya kidevu. Hakuna aliyecheka. Walileta pai za tufaha saba, zote sawasawa, kwa sababu hawakuulizana. Nilipika mbaazi za nazi. Walikula pole pole kwa heshima, na Athanase akaimba wimbo wa kuaga, na wao wakaimba wa kwao kwa sauti nne kana kwamba walifanya mazoezi wiki nzima.

Halafu nikasema, sasa semeni habari zake. Nilidhani watanyamaza. Mfugaji akasimama. Akasema miaka kumi na tano Mzee alipita shambani kwake kila asubuhi mlipokuwa hapa, na alimsalimia kwa lugha ya pale. Alijifunza, Mama. Kila mwaka maneno mapya. Mwingine akasema alitengeneza bawaba za lango la kanisa, nendeni mkaone, halijalia tangu siku hiyo. Alinoa mikasi ya kunyolea kondoo ya kijiji kizima. Mama mmoja alisema mumewe alipolazwa, Mzee alimwagilia viazi vyake wiki mbili bila kuombwa.

Mimi nilichanganyikiwa, maana wewe ulisema hakuna aliyewasalimia. Nikawauliza, mbona mke wake hajui haya? Wakatazamana. Mfugaji akasema, "He said she'd had her fill of us. He didn't want words at home." Yaani kwamba wewe umeshachoka nao, na yeye hakutaka maneno nyumbani.

Bibi Eluned alikuwepo. Alikaa karibu na mlango na hakusema kitu.

Wamekuuliza. Wote. Wanataka kujua kama utakuja.

Binti yako,
Rosalie


Handsworth
Jumatano, 15 Agosti 2007

Rosalie,

Nimefika ukurasa wa pili na nimekasirika zaidi.

Nani alikupa ruhusa? Matanga ya mume wangu yalifanyika Handsworth, mbele ya watu mia tatu, kwa taratibu zetu, na majivu yake yalikwenda majini. Wewe ni nani wa kuyafanya tena na pai? Umewaita watu walionifungia mlango, ukawaketisha jikoni kwangu, ukawalisha chakula chake, ukawapa nafasi ya kumsifu. Walikuwa wapi siku ile na sifa zao? Na mume wangu umemfanya mwongo mbele ya mtoto.

Nilikutuma kufungasha. Maliza. Jumamosi muwe mmetoka. Ufunguo mpe dereva wa basi, nimeshaongea na dalali aje mapema kama anaweza.

Usiniandikie tena.

C. Kaur


Porth Hesgin
Ijumaa, 17 Agosti 2007

Mama Ranjit,

Naandika mara hii tu, halafu nitanyamaza mpaka uniite mwenyewe.

Nimekosa. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikuuliza, na hilo ndilo kosa lenyewe. Kifo kilikuwa chako na mimi nilikifanya changu, labda kwa sababu cha mama yangu sikukipata. Nisamehe. Nyumba imefungwa yote, hadi kijiko cha mwisho. Tunaondoka kesho.

Lakini jana Bibi Eluned alikuja peke yake. Alikuta nafunga sufuria kwa kamba. Akasema ana neno la kukuambia, na mkono wake unatetemeka, hawezi kuandika. Nikamwambia umenikataza kuandika. Akasema, basi ni barua yangu mimi, wewe ni kalamu tu. Alisema polepole, Précieuse akanisaidia nisipoelewa, na mimi nikayaweka kwa Kiswahili jinsi nilivyoyasikia. Haya ndiyo maneno yake:

"Bibi Singh, mimi ni Eluned wa mlango wa kijani. Siku ile nilikuwa nyuma ya pazia. Sitasema sikusikia, kwa maana nilisikia. Niliona mwanamke mwenye mikono myeupe anapiga mlango wangu kwa ngumi na kulia kwa lugha nisiyoijua, nikaogopa. Nilidhani mmegombana. Nilikuwa peke yangu na nikajiambia, hayanihusu. Nilipoliona gari la wagonjwa nikaelewa, nikakaa kwenye ngazi. Kesho yake nilioka mkate, nikafika nao mpaka langoni kwako, na wewe ulikuwa umeshaondoka. Mkate waliula kuku. Mumeo alikuwa akinisalimia kila siku ya Mungu, na mimi sikumfungulia mke wake. Jumapili watu walipokuwa wakisema habari zake nilitaka kusema hili, nikashindwa, nikakaa na kitambaa changu kichwani kama mtu mwema. Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu ujue kwamba hukukosea. Uliona pazia likitikisika. Ilikuwa mimi."

Alipomaliza aliuliza kama nimeandika hilo la mwisho. Nikamwonyesha mstari. Akauwekea kidole.

Ni hayo. Mimi siwezi kukuambia ufanye nini nayo. Nitakuwa Lozells, nyumba ile ile.

Rosalie


Porth Hesgin
Jumanne, 4 Septemba 2007

Rosalie binti yangu,

Utaona nimeandika kutoka wapi. Usipige kelele, majirani zako wa Lozells watadhani Athanase amekupiga.

Barua yako ya tarehe 17 niliiweka chini ya kopo la chai siku kumi na mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, kwamba yule bibi atasema alikuwa bafuni, au amelala, au hakuwepo, na ningemchukia vizuri mpaka mwisho. Kumbe ndiye mtu wa kwanza kuniambia sikuota. Ranjit alikuwa akisema, Mama, ulikuwa na mshtuko, labda ni upepo. Miaka miwili nabishana na pazia. Alhamisi nikaipanga mikoba, Ijumaa nikapanda treni. Sikumwambia Ranjit, na wewe usimwambie mpaka nimwambie.

Umefungasha vizuri mno. Dereva wa basi alinipa ufunguo, nikaingia nina njaa na sikupata sufuria, sikupata kijiko, hata kisu cha kukatia kamba zako sikupata. Mafundo gani hayo? Ya kufungia ng'ombe? Yule mwanamke wa viazi, ambaye mumewe alilazwa, aliniona dirishani nahangaika na kamba kwa meno, akaniletea supu. Jioni yake yule mfugaji alileta viazi vilivyochemshwa na nyama, akaviweka mezani na kukimbia kama mtu aliyeiba. Siku nne sasa sijapika. Kila mmoja anakuja na bakuli, anaketi kidogo, ananiambia kitu cha Harbhajan ambacho sikukijua, anaondoka.

Nimemkasirikia Harbhajan, Rosalie. Siku tatu nzima. Miaka kumi na tano ananiambia natembea kidogo, kumbe anakwenda kufanya urafiki na kijiji kizima kwa siri kama mtu mwenye mwanamke nje. Nilizunguka nyumba nikimgombeza kwa sauti. Kwa nini hukuniambia! Halafu najijibu mwenyewe, kwa sababu ungenuna, Charanjit, na ungemnunia mpaka Krismasi. Ni kweli, ningenuna. Lakini nikuambie, kumgombeza mtu kama yuko chumba cha pili ni raha niliyokuwa nimeisahau. Tangu afe nilikuwa namsifu tu.

Dalali alikuja jana asubuhi na kibao chake. Nilimwambia nyumba haiuzwi. Akauliza nimepata bei nzuri kwa mwingine? Nikamwambia hapana, nimepata mabakuli tisa ya watu na lazima niyarudishe moja moja, na hiyo ni kazi ya muda. Alinitazama kama wazimu umenipanda. Akala pai, akaenda.

Niliyokuandikia tarehe 15 nayafuta. Si yote. Uliitisha matanga ya mume wangu bila ruhusa yangu, na hilo nitakukumbusha mbele za watu mpaka nitakapokufa. Lakini nilisema wewe ni nani. Hilo nalifuta kabisa. Najua wewe ni nani. Likizo ya Oktoba mje wote watatu, na uje kunifungulia haya mafundo. Précieuse nimemwekea chumba cha mbele, kinachotazama maji.

Sasa la mwisho, kisha nikaweke barua posta kabla basi halijapita.

Eluned hakuja pamoja na wengine. Siku tatu nilimwona uani kwake anawarushia kuku mtama, anatazama huku, anaingia ndani. Jana mchana, baada ya dalali, alikuja. Hakuleta bakuli. Alisimama katikati ya jiko na hakujua mikono yake aiweke wapi, na mimi sikumsaidia. Nilikuwa nimepanga maneno ya Kiingereza tangu Handsworth, makali, mazuri sana. Nilipofungua mdomo hayakuwepo. Nikamwonyesha kwa kidole tu. Hapa alianguka. Kichwa kilikuwa huku, miguu huku. Hapa nilipiga magoti.

Tulipomchoma Harbhajan mbele ya wale watu mia tatu sikudondosha chozi, wakasema Charanjit ni imara. Jana nililia. Nililia kwa nguvu, kwa Kipunjabi, maneno yale yale niliyokuwa nikimpigia kelele siku ile, afungue, mume wangu ameanguka, kwa jina la Mungu afungue. Hakuelewa hata moja. Aliogopa, nilimwona, midomo yake ilikuwa myeupe. Akavuta kiti, akakaa. Saa kumi na moja akaenda kuwafungia kuku wake, halafu akarudi.

Mama yako,
Charanjit